Mwinamo wa mstari uliopinda: mwongozo kamili wa kuingia kwenye difarenshiesheni

Muulize mwanafunzi derivativu ya x² ni nini, atakujibu 2x kabla hujafunga mdomo. Muulize tena: ukiweka x = 2 unapata 4, je, hiyo 4 inapima nini kwenye grafu? Hapo wengi hunyamaza. Inapima mwinamo wa grafu pale x = 2. Difarenshiesheni ndiyo njia ya kuutafuta mwinamo huo, na derivativu ni fomula inayotoka humo.

Wanaoniuliza wengi wako Kidato cha Nne Kenya au cha Tano Tanzania, na wanakwama palepale. Wanahesabu miraba ya karatasi badala ya kusoma skeli. Wanachukua nukta kwenye grafu badala ya kwenye tanjenti, ule mstari ulionyooka unaofuata mwelekeo wa grafu kwenye nukta moja. Wakifika kwenye aljebra, wanaweka h, ule umbali mdogo kati ya nukta mbili, kuwa 0 kabla ya wakati wake. Mwongozo huu unapita hatua kwa hatua kwenye sehemu hizo hizo. Habari ya nani alitangulia kuvumbua hesabu hizi, Newton au Leibniz, tunairuka.

## Mahitaji

- Karatasi mbili za grafu zenye miraba ya milimita. Daftari la miraba mikubwa halifai, utakosa usahihi kwenye Hatua ya 3.
- Penseli iliyochongwa vizuri, na kifutio.
- Rula ya sentimita 30 inayopenyeza mwanga. Rula ya mbao inakuficha nusu ya grafu.
- Kioo kidogo cha kujitazamia, kilicho bapa na kisicho na fremu upande mmoja.
- Seti skwea, au karatasi yoyote yenye kona iliyonyooka.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.

Uwe pia unaweza kufungua mabano ya (a + b)² bila kusita. Kama unasita, rudia hilo kwanza, kwa sababu Hatua ya 6 haina huruma.

## Hatua ya 1: Hakiki mwinamo wa mstari ulionyooka

Mwinamo, yaani ile gredienti ya darasani, ni mabadiliko ya y kugawanya kwa mabadiliko ya x. Mstari unaopita (1, 2) na (4, 11) umepanda 9 huku ukisogea kulia 3. Mwinamo wake ni 9 ÷ 3 = 3. Maana yake: kila ukisogea kulia kipimo kimoja, unapanda vitatu. Mwinamo ukiwa hasi, mstari unashuka.

Angalia mpangilio wa kutoa. Ukianza na nukta ya pili juu, anza na hiyohiyo chini. 11 − 2 juu na 1 − 4 chini itakupa −3, na mstari unaopanda utaonekana unashuka.

Sasa jaribu jambo hilohilo kwenye y = x². Kati ya (0, 0) na (1, 1) unapata 1. Kati ya (1, 1) na (3, 9) unapata 8 ÷ 2 = 4. Kati ya (0, 0) na (3, 9) unapata 3. Grafu ni moja na majibu ni matatu.

Kwenye mstari ulionyooka nukta zozote mbili zinatoa jibu lilelile. Kwenye uliopinda, swali "mwinamo ni ngapi?" halijakamilika mpaka uulizwe pia "wapi?" Ukishaliona hilo, endelea.

## Hatua ya 2: Chora y = x² kwa mkono

Usichore kwa programu. Programu inakupa grafu safi na inakunyima sababu ya kuitazama.

Tumia jedwali hili:

| x | −1 | 0 | 0.5 | 1 | 1.5 | 2 | 2.5 | 3 | 3.5 | 4 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| y | 1 | 0 | 0.25 | 1 | 2.25 | 4 | 6.25 | 9 | 12.25 | 16 |

Skeli: kwenye mhimili wa x, sentimita 2 ziwe kipimo 1. Kwenye mhimili wa y, sentimita 1 iwe kipimo 1. Skeli mbili tofauti nimeziweka makusudi, utaona sababu. Acha sentimita 4 chini ya mhimili wa x, kwa sababu tanjenti itashuka huko.

Unapounganisha nukta, geuza karatasi ili kiganja chako kiwe upande wa ndani wa mpindo, kisha vuta penseli bila kusimama kwenye kila nukta. Rula isiguse kazi hii. Ukiunganisha kwa rula unapata vipande vilivyonyooka vyenye viwiko, na kwenye kiwiko hakuna tanjenti ya kuchora.

Umefaulu ikiwa chini, pale x = 0, grafu inalala kidogo kama sahani. Ikiwa ina ncha kali ya V, futa sehemu hiyo uirudie.

## Hatua ya 3: Chora tanjenti na usome mwinamo wake

Tunataka mwinamo kwenye nukta (2, 4). Tanjenti ni mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta hiyo ukiwa na mwelekeo uleule wa grafu mahali hapo.

Wengi wamefundishwa kwamba tanjenti ni "mstari unaogusa mara moja tu." Maelezo hayo hayatoshi. Mstari wima x = 2 unagusa grafu yetu mara moja tu na si tanjenti. Na tanjenti ya y = x³ pale x = 1 inaikata tena grafu ileile kwenye (−2, −8), lakini ni tanjenti halali. Cha kuangalia ni mwelekeo kwenye nukta ile, mambo ya mbali hayahusiki.

Kwa jicho peke yake rula huyumba. Hapa ndipo kioo kinapoingia:

1. Simamisha kioo wima juu ya karatasi, kikatize grafu kwenye (2, 4). Kioo cha kawaida kinaakisi kwa nyuma, si kwenye uso wa mbele, kwa hiyo ukingo wa nyuma ndio ukae juu ya nukta.
2. Tazama grafu inavyoingia kwenye kioo. Mara nyingi utaona kiwiko: mstari wa karatasini na taswira yake vinakutana kwa pembe.
3. Zungusha kioo polepole, nukta ikiwa palepale, mpaka kiwiko kipotee na grafu ionekane inaingia kwenye kioo bila kukunjika.
4. Piga mstari kwa penseli nyuma ya kioo. Mstari huu si tanjenti. Unakatiza grafu kwa pembe mraba.
5. Weka seti skwea juu ya mstari huo, chora mstari wa pembe mraba unaopita (2, 4). Hiyo ndiyo tanjenti. Irefushe mpaka ijaze karatasi.

Sasa chagua nukta mbili zilizo kwenye tanjenti, mbali na mwenzake. Kama umechora vizuri, tanjenti yako inapita karibu sana na (1, 0) na (4, 12). Mwinamo ni 12 ÷ 3 = 4.

Mambo mawili yanaharibu hesabu hii.

La kwanza ni miraba. Kutoka (1, 0) hadi (4, 12) rula itakuonyesha sentimita 6 kwenda kulia na sentimita 12 kwenda juu. 12 ÷ 6 ni 2, nusu ya jibu sahihi. Rula haijui skeli yako, kwa hiyo soma namba zilizoandikwa kwenye mihimili. Ndiyo sababu pia hupaswi kupima pembe kwa protrakta na kutafuta tan yake, isipokuwa mihimili yote miwili ina skeli moja.

La pili ni pembetatu ndogo. Kwenye skeli yetu, kukosea milimita 1 kwa wima ni kukosea 0.1 ya y. Ikiwa nukta zako zimeachana kwa x ya 0.5, kosa hilo linahamisha jibu kwa 0.2. Zikiwa zimeachana kwa 3, linahamisha kwa kama 0.03 tu. Mkono uleule, kosa lilelile, ila pembetatu kubwa inalimeza.

Jibu lolote kati ya 3.7 na 4.3 linatosha kwa sasa. Ukipata 2, rudi kwenye miraba. Ukipata karibu na 6 au 1, huenda ulichukua nukta za kwenye grafu.

## Hatua ya 4: Achana na jicho, tumia mikato

Kila mtu akichora tanjenti yake atapata jibu lake, na hesabu haiwezi kwenda hivyo. Tatizo ni kwamba mwinamo unahitaji nukta mbili na sisi tuna moja, (2, 4). Basi tutaazima ya pili kutoka kwenye grafu, kisha tutaisogeza.

Iite (2, 4) nukta A. Nukta B iko kwenye grafu, mbele ya A kwa umbali h. Kwa hiyo x ya B ni 2 + h, na y yake ni (2 + h)². Mstari unaopita A na B unaikata grafu, tuuite mkato. Mwinamo wa mkato tunaujua kuhesabu, ni kazi ya Hatua ya 1.

Jaza jedwali hili mwenyewe kwa kikokotoo kabla ya kulinganisha na langu:

| h | x ya B | y ya B | y ya B − 4 | mwinamo wa mkato |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 3 | 9 | 5 | 5 |
| 0.5 | 2.5 | 6.25 | 2.25 | 4.5 |
| 0.1 | 2.1 | 4.41 | 0.41 | 4.1 |
| 0.01 | 2.01 | 4.0401 | 0.0401 | 4.01 |
| 0.001 | 2.001 | 4.004001 | 0.004001 | 4.001 |

Sasa njoo kutoka upande wa pili, B ikiwa nyuma ya A:

| h | x ya B | y ya B | mwinamo wa mkato |
|---|---|---|---|
| −1 | 1 | 1 | 3 |
| −0.1 | 1.9 | 3.61 | 3.9 |
| −0.01 | 1.99 | 3.9601 | 3.99 |

Chora mikato miwili mitatu ya mwanzo juu ya grafu yako, kwa penseli hafifu. Utaiona inazunguka kwenye A kama mlango kwenye bawaba, ikielekea kulala juu ya tanjenti uliyoichora kwa kioo.

Kaa hapa kidogo, kwa sababu somo zima limo kwenye safu ya mwisho ya majedwali haya. Hakuna mkato hata mmoja wenye mwinamo wa 4. Kutoka kulia zote zinazidi 4, kutoka kushoto zote zinapungua. Hata hivyo 4 ndiyo namba pekee ambayo pande zote mbili zinaikaribia kadiri upendavyo. Unataka tofauti iwe chini ya moja ya milioni? Chukua h iliyo chini ya moja ya milioni. Namba inayokaribiwa namna hii huitwa limiti, na mwinamo wa grafu kwenye A tunausema ni limiti hiyo.

Kwa nini tusiweke h = 0 moja kwa moja? Kwa sababu B itakuwa imekaa juu ya A, mabadiliko ya y ni 0, mabadiliko ya x ni 0, na 0 ÷ 0 haina jibu. Jaribu kwenye kikokotoo, kitaandika kosa. Nukta moja haichori mkato.

Tahadhari ya kikokotoo: usidhani h ikizidi kuwa ndogo jibu linazidi kuwa zuri. Kikokotoo kinashika tarakimu chache tu. Ukiweka h yenye sifuri nyingi mno, kinazikata, 2 + h inakuwa 2 kamili, na unaletewa 0 au namba ya ajabu. Ishia 0.001 au 0.0001.

## Hatua ya 5: Hamisha A, utafute utaratibu

Rudia kwa nukta nyingine za grafu hiyohiyo, safari hii ukitumia h = 0.001 tu:

| x ya A | mwinamo wa mkato | unaelekea |
|---|---|---|
| −1 | −1.999 | −2 |
| 0 | 0.001 | 0 |
| 1 | 2.001 | 2 |
| 2 | 4.001 | 4 |
| 3 | 6.001 | 6 |
| 4 | 8.001 | 8 |

Kwenye x = −1, B iko −0.999. Iandike ndani ya mabano kabla ya kuipandisha kipeo cha pili. Bila mabano, kikokotoo kinapandisha 0.999 kwanza halafu kinaweka alama ya kutoa, na utaletewa −1998.001. Ukiiona namba hiyo, kosa lako ni mabano tu.

Safu ya kulia ni mara mbili ya safu ya kushoto. Hiyo ndiyo 2x. Ikigoma kuonekana, umekosea hesabu mahali, kwa hiyo rudi uitafute. Usiendelee kwa kuniamini mimi.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwa aljebra

Jedwali linaonyesha nukta sita. Grafu ina nukta zisizohesabika. Ili tuzimalize zote, A iwe (x, x²) na B iwe (x + h, (x + h)²).

Mwinamo wa mkato:

[(x + h)² − x²] ÷ h

Fungua mabano: (x + h)² = x² + 2xh + h². Ondoa x², inabaki:

(2xh + h²) ÷ h

Toa h nje: h(2x + h) ÷ h. Na kwa kuwa h bado si sifuri, ruhusa ya kuifuta juu na chini ipo:

2x + h

Simama hapo, weka x = 2 na h = 0.01. Unapata 4.01, ileile ya jedwali. Aljebra haijaleta kitu kigeni, imeandika jedwali zima kwa mstari mmoja.

Sasa acha h iende sifuri. Kinachobaki ni 2x.

Mpangilio ndio roho ya hatua hii: kwanza gawanya kwa h, ndipo h iende sifuri. Wanaoweka h = 0 kwenye mstari wa kwanza wanapata 0 ÷ 0 na kudhani wameshindwa hesabu, kumbe wamewahi tu. Kosa la pili linalonifikia kila mara ni kuandika (x + h)² = x² + h². Ukifanya hivyo, ile 2xh inapotea, na jibu lako litakuwa sifuri kila mahali, yaani grafu iliyolala. Tazama grafu yako ya Hatua ya 2 kama imelala.

### Alama zinazotumika

Mabadiliko madogo ya x huandikwa Δx, husomwa delta x, na ya y ni Δy. Mwinamo wa mkato ni Δy/Δx. Limiti yake huandikwa dy/dx. Usifute d kwa d. Hiyo d si namba inayozidishwa. Ukikuta f′(x), ni kitu kilekile kwa mwandiko mwingine. Kuitafuta dy/dx ndiko kudifarenshieti, na fomula unayoipata ndiyo derivativu.

## Hatua ya 7: Fika kwenye kanuni

Fanya y = x³ kwa njia ileile.

(x + h)³ = x³ + 3x²h + 3xh² + h³

Ondoa x³, gawanya kwa h:

3x² + 3xh + h²

h ikienda sifuri, inabaki 3x². Vipande viwili vya mwisho vimekufa kwa sababu vilikuwa na h ya ziada hata baada ya kugawanya.

Hilo ndilo linalotokea kwa x⁴, x⁵ na kuendelea. Ukifungua (x + h)ⁿ, kipande cha kwanza ni xⁿ, nacho kinaondolewa. Cha pili ni nxⁿ⁻¹h, nacho kinabaki bila h baada ya kugawanya. Vingine vyote vina h² au zaidi, na vinakufa. Kwa hiyo:

y = xⁿ, basi dy/dx = nxⁿ⁻¹

Wapo walimu wanaoanza somo kwa kanuni hii siku ya kwanza, ati kuokoa muda wa silabasi. Sikubaliani nao. Muda unaookolewa muhula huu unalipwa muhula ujao, darasa likifika kwenye matumizi.

Nyongeza tatu za haraka. Namba inayozidisha inakaa: 5x² inatoa 10x. Vipande vilivyojumlishwa vinadifarenshietiwa kimoja kimoja. Na namba peke yake inatoa sifuri, kwa sababu kuongeza 7 kwenye fomula kunainua grafu nzima bila kubadilisha mwinamo popote.

## Hatua ya 8: Itumie kwenye swali kamili

Chukua y = x³ − 3x. Tafuta mlinganyo wa tanjenti pale x = 2, kisha nukta ambazo grafu imelala.

Derivativu: dy/dx = 3x² − 3.

Kwa tanjenti unahitaji vitu viwili, na kila kimoja kina fomula yake. Kimo cha nukta kinatoka kwenye fomula ya mwanzo: 8 − 6 = 2. Mwinamo unatoka kwenye derivativu: 12 − 3 = 9. Kwa hiyo y − 2 = 9(x − 2), yaani y = 9x − 16.

Kosa linaloua alama hapa ni kuandika y − 2 = (3x² − 3)(x − 2). Tanjenti ni mstari ulionyooka. Ukiona x² ndani ya mlinganyo wake, hukuweka x = 2 kwenye derivativu.

Grafu imelala pale mwinamo ni sifuri: 3x² − 3 = 0, x = 1 au x = −1. Vimo vyake ni −2 na 2. Pima mwinamo katikati, x = 0: unapata −3, unashuka. Kwa hiyo (−1, 2) ni kilele na (1, −2) ni bonde. Chora ujionee.

## Mfano wenye vipimo: nazi inayoanguka

Nazi imekatika kwenye mnazi wa mita 20. Tukipuuza upepo na kuchukua uvutano wa dunia kuwa 10 m/s², umbali ilioanguka baada ya sekunde t ni s = 5t², kwa mita.

Inafika chini pale 5t² = 20, yaani t = 2. Mita 20 kwa sekunde 2 ni mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Je, hiyo ndiyo kasi itakayompata aliyekaa chini ya mnazi?

Hapana. Hiyo ni kasi ya wastani, ni mwinamo wa mkato kutoka t = 0 hadi t = 2. Kasi ya pale inapogonga ni mwinamo wa grafu kwenye t = 2 yenyewe. Jaribu mkato mfupi, kutoka sekunde 1.9 hadi 2: nazi imeanguka 20 − 18.05 = mita 1.95 kwa sekunde 0.1, yaani 19.5 m/s. Kutoka 1.99 hadi 2 unapata 19.95. Derivativu inamaliza: ds/dt = 10t, na kwa t = 2 ni 20 m/s. Kilomita 72 kwa saa, mara mbili ya wastani.

Angalia vipimo: mita kugawanya kwa sekunde. Mwinamo siku zote hubeba kipimo cha mhimili wa wima kwa kila kipimo cha mhimili wa mlalo. Grafu ya lita dhidi ya dakika inakupa lita kwa dakika. Ukisahau kuandika kipimo kwenye mtihani wa fizikia, namba sahihi haikuokoi.

## Mahali ambapo mwinamo haupo

Chora y = |x|, ile V. Kwenye x = 0, mikato ya kulia yote ina mwinamo 1, na ya kushoto yote ina −1, hata h iwe ndogo vipi. Pande mbili hazikubaliani, basi hakuna limiti na hakuna mwinamo hapo. Usiandike 0 kwa kuwa tu nukta iko chini kabisa. Ndiyo maana kwenye Hatua ya 4 tulikuja kutoka pande zote mbili.

## Mazoezi

Fanya kila moja kwa mikato kwanza, h = 0.01, ndipo utumie kanuni.

1. y = 3x² pale x = 1. Mkato unatoa 6.03, kanuni inatoa 6.

2. y = 1/x pale x = 2. Mkato unatoa karibu −0.2488. Iandike x⁻¹ na kanuni itakupa −x⁻², yaani −0.25. Kipeo hasi kinapopungua 1 kinakuwa −2, hakiwi 0.

3. y = √x pale x = 4. Mkato unatoa karibu 0.2498. Kipeo ni ½, kanuni inatoa 0.25.

4. y = 2ˣ pale x = 3. Hapa uwe macho. Ukivamia na kanuni, utaandika x · 2ˣ⁻¹ na kupata 12. Mkato unakupa kama 5.56, na kwa h = 0.001 unakupa 5.547. Haikaribii 12 hata kidogo. Kanuni ya Hatua ya 7 ni ya x iliyopandishwa kwenye namba isiyobadilika, na hapa x imekaa juu, kwenye kipeo. Andika mwinamo wa mkato, (2³⁺ʰ − 2³) ÷ h, uone: unapata 8(2ʰ − 1) ÷ h, na hakuna h ya kufuta. Derivativu ya namna hii inahitaji logarithimu asilia, inayoandikwa ln, na jibu kamili ni 8 × ln 2, karibu 5.545.